Mako, Majina Matatu na Kompyuta ya Dada

Mwezi Desemba 2023 nilijitolea kuandaa kompyuta tatu za ofisi ndogo niliyopanga na wenzangu wawili mjini Morogoro, ili zote ziwe na mazingira yaleyale ya kazi: Sway ya kupanga madirisha, Waybar kwa ajili ya upau wa juu, foot kama terminali (dirisha la kuandikia amri) na mako ya kuonyesha arifa. Kila mmoja wetu alikuwa ameshazoea distro yake, yaani aina yake ya mfumo wa Linux. Mimi nilitumia Fedora 39, mwenzangu mmoja Debian 12, na dada aliyekaa karibu na dirisha alitumia Arch. Sikutaka kumhamisha mtu kwa ajili ya urahisi wangu, hivyo niliamua kuandika skripti moja, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, itakayomfuata kila mtu alipo.

Kuitambua distro hakukunisumbua. Faili la /etc/os-release huitaja kwenye mstari wa ID, na pale distro inapotokana na nyingine, mstari wa ID_LIKE hutaja ukoo wake. Ndiyo maana Linux Mint hujulikana humo kuwa ya ukoo wa Ubuntu na Debian. Skripti ilisoma mistari hiyo, ikachagua apt, dnf au pacman, yaani programu ya kusakinishia ya distro husika, kisha ikaikabidhi orodha moja ya vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa). Kosa langu lilikuwa katika orodha hiyo, kwa sababu nilidhani programu moja hubeba jina moja katika ghala la programu la kila distro.

Kwenye Debian skripti ilimaliza kwa sekunde chache na kuandika "Tayari", ilhali haikuwa imesakinisha chochote. Nilikuwa nimeyaelekeza maelezo yote ya apt kwenye /dev/null, faili maalumu linalotupa kila kinachoandikwa humo, ili skrini ibaki safi, na makosa yakapotelea humo humo. Nilipoyarudisha nikaona kwamba mako haikupatikana: Debian huiita mako-notifier, na apt ikikosa jina moja tu, huiacha orodha nzima. Nikaanza kuhakiki jina moja baada ya jingine. Kifurushi cha kusimamia mtandao ni network-manager kwenye Debian, NetworkManager kwa herufi kubwa kwenye Fedora, na networkmanager kwenye Arch. Fonti ya alama ilikuwa fonts-font-awesome, fontawesome-fonts na otf-font-awesome, na ikikosekana, Waybar huonyesha vijisanduku vitupu mahali pa alama za betri na sauti. Nikaifuta orodha na kuweka jedwali lenye jina letu wenyewe upande wa kushoto na safu tatu mbele yake.

Majina yalipokaa sawa niliona kazi imekwisha, nikaiendesha skripti kwenye kompyuta ya dada. Kwenye Debian nilikuwa nimezoea kuhuisha kwanza orodha ya ghala kisha kusakinisha, kwa hiyo kwa Arch niliandika pacman -Sy, ambayo huhuisha orodha bila kusasisha programu zilizopo, nikaongeza --noconfirm ili isiulize swali. Debian 12 ni toleo tulivu, ambalo vifurushi vyake havibadiliki sana, lakini Arch husonga kila siku. Mashine ile haikuwa imesasishwa kwa takriban mwezi mzima, na skripti yangu ikaingiza maktaba mpya (mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea) chini ya programu zilizoundwa kwa maktaba za zamani. Waandaaji wa Arch wanasema wazi kwamba usasishaji wa nusunusu hawauungi mkono. Nilipaswa kulisoma hilo kabla ya kugusa mashine ya mtu.

Programu yake ya kusomea PDF ilikataa kufunguka, ikidai kuna faili la maktaba lisiloonekana, naye alikuwa na ripoti ya kupitia usiku huohuo.

"Kaka, asubuhi ilikuwa inafunguka," aliniambia kwa upole.

"Samahani sana, dada. Kosa ni langu."

Niliketi palepale nikaibadilisha skripti itumie -Syu, yaani isasishe mfumo mzima, na nikaiondoa --noconfirm. Nilipoiendesha tena, pacman ilisimama ikaonyesha orodha ndefu ya vifurushi na mzigo wa kupakua uliozidi gigabaiti moja. Nikawasha bando la simu yangu, nikamsogezea kibodi. Aliisoma orodha mpaka mwisho, akabonyeza Y. Mvua ilikuwa inanyesha na mtandao ulikuwa mzito. Ripoti yake ilifunguka saa tatu usiku.