Sinia moja, watu wanne: hatimaye mstari umekubali

Limeungana! Tukio la sinia, lile lililonikaa kooni tangu nianze kuhariri filamu hii, limeungana. Nakata kutoka kwa kaka mkubwa kwenda kwa mdogo wake na hakuna anayehama kiti. Ni kweli hawana viti, wamekaa mkekani, ila wadau mnanielewa.

Kwa ambaye hakufuata kumbukumbu zilizopita: ni filamu fupi, mama na watoto wake watatu, ugomvi wa nyumba ya urithi unaibuka wakati wanakula. Tumepiga Tanga, kwenye chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, kama mita tatu kwa tatu. Mama amekaa ndani kabisa akitazama mlango. Ukisimama mlangoni na kamera, kaka mkubwa yuko kushoto, dada yuko kulia upande wa dirisha, na mdogo wao amekupa mgongo. Katikati sinia la pilau.

Watu wawili wakizungumza hakuna shida. Unachora mstari wako wa kufikirika kutoka pua hadi pua, unachagua upande mmoja wa kuweka kamera, unabaki ndani ya nyuzi zako 180 za upande huo mpaka mwisho, ili watu wasibadilishane pande kwenye skrini. Sinia halina adabu hiyo. Kila mtu akimtazama mwingine, mstari mpya umezaliwa, na wanne wakizunguka duara una mistari sita inayokatana juu ya pilau. Nusu ya kwanza ya tukio ilikwenda vizuri kwa sababu yote niliipiga kutokea mlangoni: kaka kushoto anatazama kulia, dada kulia anatazama kushoto, mama katikati anawaangalia kwa zamu. Safi.

Halafu mdogo anafungua mdomo.

Huyu kijana ndiye moyo wa filamu, dakika zote hizo amenyamaza, na sura yake huwezi kuipata kutoka mlangoni. Lazima uende upande wa mama, ujibane kati yake na ukuta. Sasa kutoka huko kaka yuko kulia na dada yuko kushoto. Kwenye meza ya kuhariri, bega la kaka aliyekuwa kushoto tangu tukio lianze linatokea ghafla upande wa pili. Na macho ndiyo mabaya zaidi. Kwenye klozapu (shoti ya karibu ya uso) ya kaka anatazama kulia. Kwenye klozapu ya mdogo, anayemjibu kaka, naye anatazama kulia. Wawili wanagombana lakini wote wanaonekana wakimtazama mtu wa tatu asiyekuwepo.

Nikajaribu kulifunika. Kuweka shoti ya mikono kwenye sinia katikati ya klozapu mbili, ile dawa ya kila mgonjwa, kulificha tatizo kwa sekunde mbili kisha likarudi na nguvu zake. Nikaja na ujanja mwingine: kuigeuza shoti ya mdogo iwe kama inavyoonekana kwenye kioo. DaVinci Resolve, programu ninayohariria, inafanya hivyo kwa kubofya mara moja, na kwa macho ilikubali papo hapo: kijana sasa anatazama kushoto, bega la kaka limerudi kushoto kwake. Nikafurahi kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikaicheza na sauti, nikamwona kijana anakata tonge na kulitia kinywani kwa mkono wa kushoto. Mbele ya mama yake! Jina la kanga begani kwa dada likawa linasomeka kinyumenyume, na mwanga wa dirisha ukahamia upande ambao tumeona wazi kuwa ni ukuta. Nilimwonyesha mama anayeigiza, hata hakujali habari ya kanga wala dirisha. "We mwanangu, mtoto gani huyu anakula kwa kushoto mbele yangu? Mimi sikumlea hivyo." Hapo nikajua shoti hiyo imekufa.

Kuna mdau alinitajia mwongozaji wa filamu Yasujirō Ozu wa Japani. Ni kweli, Ozu alikuwa anavuka mstari apendavyo, kamera yake ikiwa chini kabisa, karibu na usawa wa watu waliokaa sakafuni kama hawa wangu. Lakini mkimwangalia vizuri, watu wake mara nyingi wanatazama karibu kabisa na lenzi, na ukubwa wa sura anaulinganisha shoti hadi shoti, ndiyo maana jicho halisumbuki. Hilo hupangwa kuanzia shoti ya kwanza. Mimi nilikuwa na nusu ya tukio tayari imepigwa kwa mtindo mwingine, na waigizaji wanaodai nauli.

Jawabu lilikuwa kwenye hati yenyewe, ukurasa wa mwanzo wa tukio: maji ya kunawa. Niliandika kwamba mdogo anawanawisha kabla ya kula, kisha wanaanza. Nikahamisha. Sasa wananawa mwishoni, ugomvi ukiwa umepamba moto na hakuna anayegusa tena chakula. Mdogo anainuka, anachukua birika na tasa karibu na mlango, na kamera inainuka naye. Anapita nyuma ya dada bila kusimama, kwa sababu lazima aanze na mama. Kamera inamfuata njia hiyohiyo mpaka imefika ubavuni mwa mama. Anamimina, mama ananawa. Anakwenda kwa kaka. Anavuka mahali pake mwenyewe, anamnawisha dada, anaweka birika chini, anarudi kukaa. Muda wote huo kamera inageuka tu pale ilipo, kulia, katikati, kushoto, ikirudi katikati. Hakuna kukata. Mtazamaji ameuona mstari ukivukwa kwa macho yake, na kila mtu ametambulishwa upya mahali alipo. Mdogo anaposema sentensi yake ya kwanza kaka yuko kulia kwa haki kabisa. Klozapu zote za kaka zilizofuata nilizirudia kutokea upande wa mama, basi. Anatazama kushoto, mdogo anatazama kulia, wanagombana kweli.

Na tukio lenyewe limekuwa kali zaidi, kitu ambacho sikukitarajia. Kaka ametoka kusema nyumba iuzwe, sasa inabidi anyooshe mikono amiminiwe maji na yule asiyetaka iuzwe. Kijana anayeigiza aliongeza lake bila kuambiwa: kwa mama anamimina taratibu, kwa kaka maji yanakoma kabla sabuni haijaisha mikononi. Siigusi hiyo.

Mwanga ulitaka kuniharibia. Taa kuu ilikuwa nje ya dirisha, ikipita kwenye shuka jeupe, usawa wa macho ya waliokaa. Mpiga picha akipita nyuma ya dada anaikata, na kivuli chake kinatambaa kwenye sinia zima. Tuliipandisha taa mpaka juu ya dirisha, ikaangalia chini, naye akapita ameinama. Kwa kuwa mwanga sasa unatoka juu, macho yakaanza kuwa mashimo, lakini sinia la alumini lilisaidia: pilau ikipungua, upande uliobaki wazi unarudisha mwanga kwenye nyuso kama reflekta. Ukutani hatukuweka taa yoyote. Ukuta mweupe na ngozi nyeusi, ukuta ndio unaopaswa kunyimwa, si nyuso kuongezewa.

Habari ya vifaa, kwa wanaouliza kila mara. Lenzi ni 24mm kwenye Canon yenye sensa ndogo, kwa hiyo inaona kama 38mm hivi kwenye kamera ya sensa kubwa. Ile 50mm kila mtu anaisifia, lakini chumba cha mita tatu utaishia kupiga pua. Gimbali, kile kifaa cha kutuliza kamera mkononi, nilikodi, nikairudisha. Inaelea mno, kila kitu kinafanana na video ya harusi, na mtu anayebeba birika la maji haelei. Mkono mtupu na mkanda wa shingoni ulionyooka ulitosha. Tripodi yangu haishuki hadi usawa wa watu waliokaa mkekani, kwa hiyo kwa shoti zote za mlangoni mpiga picha alikalia kibao cha mbuzi. Urefu wake ni sahihi kabisa. Geuza meno yaelekee nyuma na ufunge kitambaa, msije mkasema sikuwaambia.

Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, balbu inapiga mara 100 kwa sekunde, kila fremu inapata mapigo mawili kamili na hakuna michirizi. Mwenzetu aliyerekodi pembeni kwa simu, shata ikiwa otomatiki, amepata michirizi inayopanda ukutani mwanzo mpaka mwisho.

Wiki hii ratiba ilisema sauti: kusafisha ngurumo za bodaboda na kurekodi upya maneno ya dada. Sijagusa. Zile shoti za mikono nilizopiga za kuficha tatizo, ambazo sasa sina kazi nazo, nimekuwa nikizirudia. Kamera juu, sinia chini, mikono minne tu. Kutoka juu hakuna mstari kabisa, ilimradi usizungushe fremu. Na kila mkono una tabia yake: wa mama unasukuma nyama kuelekea kwa mdogo, wa kaka unakula eneo lake halafu unavuka kwa dada. Filamu nzima inaweza kupigwa hivyo, ya dakika tatu, bila sura hata moja, maneno tunayasikia tu. Nimeshaulizia bomba la chuma la kupitisha ukuta hadi ukuta juu ya mkeka, na kamba ya pili ya kuishikilia kamera kama klampu, kile kibanio cha kuifunga kwenye bomba, ikiachia. Mwenye klampu inayobeba kilo mbili bila kuteleza aniambie ameipata wapi. Sauti itasubiri.