Volti 231 za baba mdogo

Mpwa wangu kanitumia picha ya flashi kuukuu, Vivitar 283, aliyoiokota mnadani kwa bei ya kutupa. "Mjomba, nikiichomeka juu ya kamera itaiua?" Nimemjibu apime kwanza volti inazotoa mguuni, pale inapokaa kwenye kamera. Tangu hapo nacheka peke yangu, maana nimeikumbuka ile harusi ya Tanga.

Baba mdogo alikuwa na 283 yake, ya zile za mwanzo za Japani, na miaka yote kaitumia na Zenit, kamera ya filamu. Zenit haina presha: ndani ni vibati viwili vinagusana, basi. Mimi nilikuja na kamera ya dijitali, Nikon D70, na triga za redio za Kichina, za kufyatulia flashi kwa mbali bila waya; karatasi yake inasema mwisho volti 12. Nikasema tupime. Akaona naidharau mali yake.

"Mwanangu, hii imepiga harusi kabla mama yako hajakuzaa."

Tukakaa barazani, watoto wametuzunguka. Akatia betri nne mpya, akawasha. Ukaanza ule mlio mwembamba, unapanda kama mbu anayelitafuta sikio, mpaka kile kijitaa cha nyuma kikawaka. Hapo ndipo pa kupimia, ikishajaa, si kabla. Akaigeuza kichwa chini. Nikaweka mita kwenye DC, upande wa volti nyingi. Waya mwekundu kwenye kitone cha katikati ya mguu, mweusi kwenye kibati cha pembeni. Namba zikakimbia: 180, 210, zikatulia 231.

Baba mdogo akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Hii si ya ukutani hii?"

"Imezidi ya ukutani, baba. Kwa moja."

Sasa, Nikon huandika kwenye vitabu vya kamera zao isizidi 250, kwa hiyo D70 ingepona, ingawa kwa chupuchupu. Lakini kwenye redio flashi haiigusi kamera kabisa. Inakaa juu ya risiva, kile kipande cha triga kinachopokea ishara, na risiva ndiyo inayokula zile 231. Watu hulilia kamera, anayekufa ni mwingine.

Akanyamaza. Mpaka leo sijui kama ilikuwa vema kumpimia mbele ya wale watoto. Halafu akapekua begi, akatoa jicho lake la zamani, lile linalofyatua flashi likiona mwanga wa nyingine. Limezaliwa zama moja na hizo volti. Tukaifunga 283 juu yake, kona ya ukumbi. Kiflashi cha D70 nikakiweka manuali, maana kikiwa TTL, yaani kikijipimia chenyewe, hurusha mwanga wa kupima kwanza, jicho likadanganyika.

Ikafanya kazi vizuri mno. Kila shangazi mwenye kikamera chake alipobonyeza, 283 ilimwitikia. Betri zikaisha kabla keki haijakatwa. Picha zangu za keki ni giza tupu. Za mashangazi, nasikia, zilitoka safi sana.