Nilivyovuka kipindi cha korona bila nyumba wala mkataba wa kazi

Amri ya kukaa nyumbani ilinikuta nina kitanda, sina nyumba. Kitanda hicho nilikuwa nakilipia kwa wiki, katika chumba tulichochangia wanawake kadhaa, na pesa ya kulipia niliipata kwa kibarua cha kuosha vyombo kwenye ukumbi wa sherehe. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia, sherehe zilianza kufutwa moja baada ya nyingine. Msimamizi akatupigia simu kutuambia tusije mpaka tuitwe. Hatukuitwa. Sisi vibarua hatukuwahi kupewa barua ya kuajiriwa, kwa hiyo hata ya kuachishwa haikuwepo, na kila ofisi ya mafao iliitaka hiyo ya kuachishwa.

Naandika haya kwa sababu moja. Msaada wa kipindi kile ulikuwepo, tena mwingine mkubwa, lakini ulitolewa kwa orodha. Aliyekuwa kwenye orodha ya waajiriwa, ya walipa kodi au ya wapangaji, msaada ulimfuata alipo. Sisi wengine ilitubidi kwanza tuingie kwenye orodha fulani, na hiyo peke yake ilikuwa kazi ya kutwa. Nataka kueleza tuliifanyaje, maana magonjwa ya aina hii hayajaisha duniani na sioni kama mambo yamebadilika sana.

Kitanda nilikipoteza mapema. Mmoja wetu alianza kukohoa, mwenye nyumba akaingiwa na hofu, akatuambia sote tuondoke. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba ni marufuku kumfukuza mpangaji wakati wa janga, nikamweleza hivyo kwa heshima. Akaniuliza mkataba wangu uko wapi. Zuio lile lilimlinda mwenye karatasi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata Marekani, agizo la kuzuia kufukuzwa wapangaji lililoanza tarehe 4 Septemba 2020 lilimtaka mpangaji mwenyewe ajaze tamko na kumkabidhi mwenye nyumba ndipo alindwe. Nikawawaza waliotolewa kwenye vyumba vyao bila kujua kwamba kuna fomu ya kujaza.

Nikaenda kulala kwenye stendi ya mabasi iliyofungwa, mahali ambapo tayari kulikuwa na watu.

Asiyewahi kulala nje anaweza kudhani kwamba kwetu sisi kufungwa kwa mji hakukubadilisha kitu, kwa kuwa hatukuwa na kitu tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba mtu asiye na nyumba huishi kwa kutumia mji wenyewe. Maktaba ndiyo sebule yake, na ndipo anapochaji simu. Choo chake ni cha sokoni au cha mgahawa ambao mhudumu wake amemzoea. Anaoga kwenye bafu la kulipia, anapata vibarua vidogo vya kubeba mizigo au kufagia mbele ya duka, na jioni anapewa chakula kilichobaki. Siku mji ulipofungwa, vyote hivyo vilifungwa kwa pamoja. Wapita njia nao hawakuwepo, na hao ndio wanaokupa kazi, sarafu na habari, na kuwepo kwao usiku ni ulinzi kwa mwanamke. Tuliambiwa tunawe mikono mara kwa mara kwa maji tiririka na sabuni, wakati mabomba ya bustani yalikuwa yamefungwa ili watu wasikusanyike.

Pale stendi alikuwepo mzee mmoja ambaye wote walimwita Babu. Usiku wa kwanza alinikuta nazunguka kutafuta chakula, akaniambia, "Binti yangu, mji ukifungwa tafuta choo kwanza. Chakula kuna watu watakuletea. Choo hakuna atakayekikumbuka." Alisema kweli. Magari ya kugawa chakula yalianza kupita mapema, lakini sikumwona mtu aliyekuja kutufungulia choo. Kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi siku za hedhi. Tulipata pa kujisitiri kwa sababu mlinzi wa jengo jirani, mama wa makamo, alikubali kutufungulia alfajiri kabla ya zamu yake kwisha, nasi tukawa tunamwachia pakiwa safi kuliko tulivyopakuta. Wema wake ulitusaidia kuliko tangazo lolote nililolisikia kipindi kile.

Ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Kwa mwenye nyumba ni usumbufu. Sisi tulikuwa na kosa kila jua likizama, kwa kuwa ndani ya kuingia hatukuwa nako. Askari walikuja wakatuambia twende nyumbani. Babu aliwajibu kwa upole kwamba tungekuwa nako tungekuwa tumeshalala. Wengine walituelewa, wengine walitusogeza mpaka mtaa wa pili, na kesho yake tukasogezwa tena. Kila tuliposogezwa, waliokuwa wakitufuatilia kwa chakula au dawa walitupoteza.

Hapo ndipo tulipoanza habari ya orodha. Mamlaka ya mji ilikuwa imetangaza msaada wa fedha kwa waliopoteza kipato, na fomu ilitaka vitu vitatu ambavyo watu wa stendi hawakuwa navyo kwa pamoja: namba ya simu inayopatikana, anwani, na uthibitisho kwamba ulikuwa na kazi.

Simu ilikuwa rahisi kidogo. Baadhi yetu tulikuwa nazo, ila hazikuwa na chaji. Tulikubaliana kwamba simu moja iwe hai wakati wote, na namba yake ndiyo itumike kwa yeyote asiyekuwa na yake. Yule mama mlinzi alituchajia. Nilikabidhiwa kuitunza kwa sababu nilijua kuandika vizuri, nikawa naandika kwenye daftari kila ujumbe ulioingia na ni wa nani. Ujumbe wa pesa ukiingia, mwenyewe aliusoma mbele ya wengine wawili. Tuliweka utaratibu huo kabla hata senti moja haijaingia, na nadhani ndiyo maana hatukugombana.

Anwani ilichukua muda. Kulikuwa na kituo cha hisani kilichogawa chakula, nikamwomba msimamizi wao aturuhusu tuandike anwani ya kituo kama mahali pa kutupata. Mwanzoni alisita, akihofia kwamba watu wangekuja kudai madeni pale. Nikamwomba basi atoe barua inayosema tu kwamba kituo kinatufahamu na kinaweza kutupatia taarifa, bila kusema kwamba tunaishi hapo. Akakubali, akapiga muhuri. Barua ile ilifanya kazi mbili: ofisini ilipokelewa kama anwani, na usiku tuliwaonyesha askari, ambao mara nyingi waliisoma, wakaturudishia na kutuacha tulale.

Uthibitisho wa kazi ndio uliokuwa mgumu zaidi. Nilikuwa na mazoea ya kuandika tarehe za zamu zangu, kwa kuwa ukumbini malipo yalicheleweshwa na mtu asipoandika huishia kubishana. Kwa hiyo tarehe nilikuwa nazo. Msimamizi alikataa kuandika barua yoyote. Aliogopa waajiri wake wasije wakadaiwa mafao. Nikamtumia ujumbe mfupi wa simu: "Shikamoo kaka, naomba unithibitishie tu kwamba nilikuwa naosha vyombo ukumbini mpaka mlipofunga mwezi wa tatu." Akajibu, "Marahaba, ndiyo, ulikuwepo." Nikaupeleka ujumbe huo ofisini pamoja na daftari. Karani alitazama, akauliza maswali, akaandika. Kama uko katika hali hiyo na bosi hataki kutia saini, muulize swali fupi linalojibika kwa ndiyo. Watu wanaoogopa barua hujibu ujumbe.

Si wote walioweza. Kuna waliokuwa wamefanya kazi majumbani mwa watu na wakaondolewa siku moja kwa hofu ya maambukizi, na mwajiri hakupokea tena simu. Kuna waliotoka nchi nyingine ambao walihofia kwamba kuandikishwa kungewapeleka mikononi mwa uhamiaji. Kwa hao tulianzisha orodha yetu wenyewe, ambayo haikuwa ya serikali. Tuliandika jina la kuitana tu, umri kwa kukadiria, ugonjwa kama upo, dawa anazotumia, na mahali anapolala. Babu ndiye aliyewashawishi, maana walimwamini. Tulimpa nakala mhudumu wa afya aliyekuwa akitutembelea, akaona mara moja nani ana pumu, nani ana kisukari, nani dawa zake za kifua kikuu zimekatika. Kabla ya hapo alikuwa akija, anauliza "nani mgonjwa?" na wote tunanyamaza.

Kwa njia hiyo baadhi yetu tulipata nafasi kwenye ukumbi wa michezo uliofunguliwa uwe makazi ya dharura. Nilishukuru kupata paa na maji. Lakini niseme wazi: kulaza watu wengi ndani ya chumba kimoja wakati wa ugonjwa wa hewa ni hatari, na waliorudi kulala nje baada ya kuuona ukumbi ule hawakuwa wakaidi. Mwezi Aprili 2020, kwenye makazi makubwa ya wasio na nyumba mjini Boston, walipimwa watu 408 na 147 wakakutwa na virusi, wengi wao bila dalili yoyote. Kwa hiyo kumtenga anayekohoa peke yake hakutoshi. Pale ukumbini tulidai madirisha yaachwe wazi, na vitanda vipangwe kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake ili nyuso zikae mbali. Msimamizi alikubali bila ubishi. Hakukuwa na gharama yoyote.

Na kuna waliofanya vizuri zaidi. Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ya Uingereza iliziagiza halmashauri za England ziwatoe wote wanaolala nje, na wengi wakapelekwa kwenye hoteli zilizokuwa tupu, kila mtu na chumba chake. Kufikia Januari 2021 waliokuwa wamesaidiwa chini ya mpango huo walizidi 37,000. Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika zaidi kuliko nilivyofurahi, kwa sababu hoteli zilikuwa tupu kila mahali, na tatizo la miaka nenda rudi likashughulikiwa kwa siku chache pale ambapo watu wenye nyumba nao waliogopa kuambukizwa.

Kuhusu fedha, nchi iliyonipa moyo ni Togo. Aprili 2020 walianzisha mpango wa Novissi, mtu anajiandikisha kwa simu ya kawaida akitumia kitambulisho cha mpiga kura, na fedha zinamfikia kwenye simu hiyo hiyo. Hakuhitaji barua ya mwajiri. Wanawake walipewa zaidi kidogo kuliko wanaume. Hata hapo asiye na kitambulisho alibaki nje, lakini walichukua orodha iliyokuwa na watu wengi kuliko orodha ya waajiriwa, na hilo peke yake liliwafikia mama wauzaji na vibarua. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria wakati huo kwamba kati ya wafanyakazi bilioni 2 wa sekta isiyo rasmi, bilioni 1.6 walikuwa wameguswa vibaya zaidi, na kwamba katika mwezi wa kwanza wa janga kipato chao kilishuka kwa asilimia 60. Sisi tulio nje ya orodha ndio tulio wengi. Anayepanga msaada kwa kuanzia na waajiriwa wenye hati ya mshahara ameanza na wachache.

Muda nao ni jambo. India ilitangaza kufunga nchi nzima jioni ya tarehe 24 Machi 2020, na amri ikaanza usiku wa manane. Tuliona picha za vibarua na watoto wao wakitembea mamia ya kilomita kurudi vijijini kwa sababu usafiri ulisimama na chumba cha mjini hakilipiki bila kibarua. Nikizitazama zile picha niliwaelewa. Kibarua anayelipwa kwa siku akipewa taarifa ya saa chache, hana anachoweza kupanga.

Msaada wa kwanza ulipoingia nililipia chumba kidogo, safari hii kwa mkataba wa maandishi, ukurasa mmoja wenye saini zetu wote wawili. Kazi ilirudi polepole, kwanza usafi wa hospitali, kisha jikoni tena. Babu alipata chumba kwenye nyumba ya wazee kupitia yule mhudumu wa afya. Wawili kati ya tuliokuwa nao stendi walifariki, na kwa mmoja wao daftari letu ndilo lililomwezesha ndugu yake kumpata.

Siku hizi nasaidia pale kituoni mara kwa mara. Orodha ile hatukuifunga janga lilipoisha. Inahuishwa kila msimu, na mtu akifika bila anwani tunamwandikia barua siku hiyo hiyo. Tunachodai sasa kwa mamlaka ya mji ni mambo mawili: vyoo na mabomba ya umma yasifungwe hata kama kila kitu kingine kimefungwa, na anwani ya kituo ikubalike kisheria kwenye fomu zote za msaada, isitegemee huruma ya karani. Barua tumeipeleka, na safari hii hatukuondoka dirishani mpaka nakala yetu ilipogongwa muhuri wa kupokelewa.