"Anko, hadithi yako naiandika aje kwa marejeleo?"

Hiyo ndiyo meseji niliamka nayo Jumanne saa kumi na moja asubuhi, kutoka kwa mpwa wangu ako mwaka wa tatu kampasi, na chini yake emoji tatu za kulia kwa sababu kazi inatakikana Alhamisi. Sasa mimi tangu watu wajue naandikanga hadithi fupi nimegeuka ofisi ya chifu, kila mtu anakuja na shida yake, wa kwa ploti, wa kanisa, hadi makanga mmoja wa Rongai alinishikilia chenji akiniuliza kama stori yake ya kurasa kumi na nne inaweza kuwa kitabu. Wacha niandike yote hapa mara moja, mwingine akiuliza natuma linki tu.

Ile ya makanga kwanza. Hapana, kurasa kumi na nne si kitabu, ni hadithi fupi, na hakuna ubaya. Ukitaka kujua hadithi fupi inafaa kuwa na urefu gani, Edgar Allan Poe huko Marekani aliandika 1842 kwamba ni ile ya kusomwa kwa kikao kimoja, kuanzia nusu saa hadi saa moja au mbili, na mpaka leo sijaona mtu amesema vizuri kumshinda, ingawa yeye hakuwa anasomea ndani ya matatu ya Githurai. Siku hizi wanahesabu maneno. Commonwealth Short Story Prize, tuzo ya hadithi fupi ya nchi za Jumuiya ya Madola, wanataka 2,000 hadi 5,000, na Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, ni 3,000 hadi 10,000. Lakini kuna kitu sisi wa Kiswahili hatuambiwi: maneno yetu yamebeba mzigo. "Nisingemwambia" ni neno moja, Mwingereza hapo anatumia matano ama sita, kwa hivyo ukiandika maneno 3,000 ya Kiswahili halafu utafsiri uitume mahali, inafura kama unga wa mandazi. Mimi nilishawahi kukata ukurasa mzima usiku wa siku ya mwisho juu ya hiyo hesabu. Hao wa Commonwealth lakini wanapokea ya Kiswahili vile ilivyo, na hawaitishi pesa ya kuingia, sijui mbona watu wetu hawatumi.

Nipeleke wapi? Hapa watu wanachanganya sana. Hiyo ya Commonwealth inataka hadithi ambayo haijachapishwa. Caine ni kinyume, inataka iliyochapishwa tayari, na hutumi wewe, anatuma mchapishaji wako. Ndio maana jarida dogo ni kitu kubwa. Binyavanga Wainaina alishinda Caine 2002, mwaka uliofuata jarida la Kwani? likatoka hapa Nairobi, na mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda na hadithi iliyokuwa kwa hiyo Kwani?. Bila mahali pa kuchapishia, hiyo hadithi ingekuwa imelala kwa laptopu yake. Ile tuzo ya Safal-Cornell, yenye ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili kabisa lakini inataka mswada mzima, si hadithi moja, kwa hivyo weka akiba pole pole.

Na Facebook je? Wahariri wengi wakiona umeshaiposti wanahesabu imechapishwa. Soma masharti yao kwanza, posti baadaye. Najua zile laiki ni tamu.

Swali lenye naulizwa kwa sauti ya chini ni hili: nikituma si wataiba? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hadithi ni yako kuanzia siku uliiandika, iwe kwa karatasi ama kwa simu, hata kabla ya kuisajili, na inabaki na haki hadi miaka 50 baada ya mwaka wenye utakufa, yaani wajukuu wako wanaweza kugombania. Kusajili kwa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi tu mkifika kwa kesi. Chenye sheria hailindi ni wazo. Ukiandika kuhusu mfanyakazi wa nyumbani mwenye anajua siri za bosi, na mimi pia niandike, hakuna mwizi hapo. Kitu kinalindwa ni vile wewe uliisema.

Lakini niwaambie ukweli, mimi sijawahi kuibiwa hadithi. Nilipeana mwenyewe.

Ilikuwa kwa hoteli ndogo hapo karibu na Kencom, chai ya maziwa na mahamri mawili, jamaa mmoja ananitolea karatasi mbili zimepigwa pini na kalamu juu. Walikuwa wanakusanya hadithi za watu kama kumi na tano hivi wafanye kitabu. Mimi macho ilienda moja kwa moja pale palikuwa na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, nikafurahi hivyo, nikaweka sahihi huku chai ikidondoka kwa kona ya ukurasa wa pili. Malipo: nakala mbili za kitabu na elfu mbili kwa M-Pesa. Nilipofika nyumbani ndio nikasoma pale chini ya lile doa la chai, "mwandishi anakabidhi haki zote, kwa lugha zote, milele". Milele! Hata mahari hailipwi na masharti kama hayo. Miaka mitatu baadaye nikitaka kuweka hiyo hadithi kwa mkusanyiko wangu mwenyewe ilibidi niombe ruhusa, kama mtu anapiga hodi kwa nyumba aliyoijenga, na jibu lilichukua miezi nane.

Kwa hivyo mkikaa na mchapishaji ulizeni hivi: unachukua haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu ama unachukua zote? Kwa lugha gani? Kwa muda gani? Naweza kuiweka kwa kitabu changu baadaye? Sheria yetu inasema kuhamisha hakimiliki lazima kuwe kwa maandishi yenye sahihi, kwa hivyo maneno ya simu hayawezi kukunyang'anya hadithi, lakini kalamu yako mwenyewe inaweza. Na mtu akikuharakisha usaini kabla chai ipoe, acha chai ipoe.

Na ISBN, ile nambari ya kutambulisha kitabu? Hadithi moja haihitaji, hiyo ni ya kitabu, na hapa Kenya inatoka kwa maktaba ya taifa. Tuendelee.

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Nikamwambia nitumie vile umeandika. Akatuma. Kwanza, hadithi yangu alikuwa ameipatia mhariri wa kitabu, jina langu halikuwa mahali popote, na ni damu yangu! Hii makosa iko kila mahali, hata kwa walimu. Chukueni mfano wenye wengi walipitia kwa fomu four, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Waliohariri ni Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Lakini hadithi yenyewe ya "Tumbo Lisiloshiba" ni ya Said A. Mohamed. Ukinukuu hiyo hadithi unaanza na mwenye hadithi, halafu wahariri wanakuja nyuma ya "katika", hivi:

Mohamed, S. A. (2016). "Tumbo Lisiloshiba." Katika A. Chokocho na D. Kayanda (wah.), Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Nairobi: Longhorn.

Jina la hadithi kwa alama za kunukuu, jina la kitabu kwa italiki, na uweke kurasa zenye hadithi inaanzia na kuishia. Kama uliisoma mtandaoni weka anwani na tarehe uliyoisoma, kwa sababu hizi tovuti zetu zinakufanga bila matanga. Mitindo iko mingi, kuna mhadhiri anataka koma na kuna mwenye anataka nukta, muulize wako, mimi sitaki vita.

Pili, na hapa nilicheka hadi majirani wakagonga ukuta, alikuwa ameandika: "Mwandishi anakiri kwamba aliiba jenereta ya kanisa." Ngai! Jenereta iliibwa na mhusika. Hadithi ikisema "mimi", huyo mimi ni msimulizi, si anko wako. Andika "msimulizi anakiri". Nilimwambia abadilishe hiyo mbio kabla nyanya yake hajaiona, maana mama yangu ni mzee wa kanisa na jenereta yao ya ukweli iliwahi kupotea.

Akarekebisha yote, akatuma tena. Safi. Halafu meseji ingine: "Na ni ukurasa ngapi, anko?" Kumbe alikuwa amesoma kwa picha za simu za rafiki yake, nambari za chini zimekatwa. Mimi nakala zangu mbili moja nilimpa mama, nyingine iliazimwa na mtu wa kwa ploti mwenye alihama usiku. Faili nililonalo ni la kwangu tu, halina kurasa za kitabu. Basi Jumatano nikitoka job nikapitia inama bookshop, wale wa kutandaza vitabu kuukuu chini, pale Tom Mboya, nikainama kweli kweli, kati ya atlasi za zamani na vitabu vya kuokoka, nikakipata. Muuzaji akasema mia mbili. Nikamwambia mimi ndiye nimeandika moja ya hizi. Akaniangalia, akaangalia kitabu, akasema basi mia na hamsini.

Uk. 87–96.