Kusomea udaktari wa huduma nikiwa usharikani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi mmeniuliza kwa nini mchungaji mwenye usharika hapa Moshi ajitwishe tena masomo. Shahada ninayosomea ni udaktari wa huduma, ambao si sawa na uzamivu wa teolojia: uzamivu humwandaa mtu hasa kwa utafiti na kufundisha chuoni, ilhali huu huwalenga walio tayari kazini, wenye uzamili na uzoefu wa huduma, na hukamilishwa kwa mradi unaotokana na kazi yao wenyewe.

Mradi wangu unahusu namna wazee wa kanisa wanavyosuluhisha ugomvi wa vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayorithiwa, baina ya ndugu, jambo ambalo huku Uchaggani huweza kuzuka hata kabla matanga hayajaanuliwa. Ugumu wake ni kuwahoji watu ninaowahudumia Meza ya Bwana, kwa kuwa mtafiti anapaswa kupata ridhaa isiyo na shinikizo, na ni nani atakayemkatalia mchungaji wake? Mzee mmoja aliigeuzageuza fomu ya ridhaa, akavua miwani, akauliza, "Baba Mchungaji, haya yatasomwa na mkuu wa jimbo?" Nilimweleza kwamba majina yote yatafichwa, akasaini, lakini habari za shamba la kaka yake akaziruka. Kwa ushauri wa msimamizi wangu, mahojiano yaliyobaki yatafanywa na mwinjilisti wa usharika jirani, nami nitapokea maandishi yasiyo na majina.