Kijiti Bila Kivuli, Mbudya

Asubuhi ya tarehe 3 Machi nilishuka Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, maji ya bamvua yakipwa kwa kasi. Nahodha alikuwa kaishikilia boti isikwame mchangani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Panda upesi, maji hayatungoji."

Kufika kisiwa cha Mbudya si mbali, nami muda wote niliinamia ubavuni nikitazama chini. Miaka kama 20,000 iliyopita ningevuka hapa kwa miguu. Bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi, maji yake yamegeuka barafu nene juu ya Kanada na kaskazini mwa Ulaya. Hata Unguja ilikuwa imeshikana na bara.

Kisiwani nilikwenda moja kwa moja kwenye mwamba. Mawimbi yameula kwa chini hadi umetokeza kama upenu wa nyumba, na ndani ya upenu huo matumbawe yanaonekana waziwazi: vinyota vidogo vidogo vilivyobanana, kila kimoja kiliwahi kukaliwa na kidudu cha baharini. Nilipitisha kidole, yakakwaruza kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Matumbawe hayaoti nchi kavu. Mengi ya haya ya kale ya pwani yetu huhesabiwa kuwa ya miaka 125,000 hivi iliyopita, barafu nyingi ilipoyeyuka na bahari ikapita kimo cha leo kwa mita kadhaa.

Chanzo cha bahari kushuka na kupanda hivyo ni mwendo wa dunia yenyewe. Mhimili wake huinama zaidi na kuinuka tena kwa mzunguko wa miaka 41,000, huku ukiyumba kama pia, na njia yake ya kulizunguka jua hubadilika umbo taratibu. Jua la kiangazi likipungua kule kaskazini, theluji haiyeyuki yote, hurundikana. Likizidi, barafu hurudi baharini.

Saa sita na nusu ilipopita kidogo nikasimika kijiti mchangani. Kivuli kikajikunja, kikapotea kabisa. Jua lilikuwa utosini, safarini kwenda kaskazini. Likishapita, upepo wa kaskazi hulegea, masika huingia, kusi hushika.

Tukiwa tunakula samaki, nahodha akaukumbuka usiku wa 12 Agosti 2020. "Mabati yalilia, nikadhani lori limegonga nyumba." Tetemeko lile, la ukubwa wa karibu 6, lilianzia chini ya bahari, kusini mashariki mwa jiji. Nikamchorea mchangani: bonde la ufa linalopasua bara lina tawi lake baharini, na kipande cha mashariki hujitenga milimita chache kwa mwaka, kwa kuwa kule chini mwamba wa moto hujongea polepole ukisukumwa na joto la ndani ya dunia.

Akautazama mchoro kwa muda. "Basi na kisiwa hiki kinasafiri?"

"Kinasafiri, mzee."

Saa kumi tulipong'oa nanga maji yalikuwa yamejaa, na pale nilipopitisha kidole wimbi lilikuwa likiingia na kutoka.