Logi za ruta zilivyokuwa zikijaza syslog

Seva yetu ya Ubuntu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hupokea logi (kumbukumbu za matukio) za ruta kupitia rsyslog, programu ya kukusanya logi. Kanuni zote (logi ipi iandikwe faili gani) nilizirundika ndani ya /etc/rsyslog.conf, ukigusa mstari mmoja, mwingine unaharibika. Nikazihamishia za ruta kwenye faili lake, /etc/rsyslog.d/60-ruta.conf:

if $fromhost-ip == '192.168.1.1' then /var/log/ruta.log
& stop

Mstari wa kwanza huandika logi za ruta (anwani yake 192.168.1.1) kwenye ruta.log; stop huzizuia zisifike kwenye kanuni zinazofuata. Logi zikaingia, ila /var/log/syslog, faili la logi za jumla, nayo ikaendelea kuvimba. Nilikuna kichwa hadi chai ikapoa (baridi ya Julai huku mnaijua). Kumbe mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina: 50-default.conf la Ubuntu lilishaziandika kwenye syslog kabla stop yangu haijafikiwa! Nikabadili jina liwe 10-ruta.conf, nikakagua makosa ya kanuni kwa rsyslogd -N1, nikaiwasha upya rsyslog. Ruta haijaonekana tena kwenye syslog.